Cherehani, Kitenge na Mtoto Mgongoni: Mazungumzo na Akina Mama wa Kihoto

Haya ni maandishi ya mazungumzo ambayo afisa wetu wa habari aliyatoa mbele ya akina mama mafundi na wasanii wa mtaa wa Kihoto, Naivasha. Yamehaririwa kidogo tu ili yasomeke.

Naona kuna akina baba watatu wamejibanza karibu na mlango. Karibuni mbele, habari hii inawahusu pia.

Nimeombwa nieleze jinsi mwanamke anavyoweza kufanya kazi ya ubunifu, akajipamba apendavyo, na bado akalea watoto wake vizuri. Nimeisoma mada hiyo mara nyingi magazetini, na mara nyingi picha yake huwa ni ya mama aliyekaa kwenye sofa nyeupe na mtoto asiyelia. Mimi nina watoto wawili, na sofa yetu iliacha kuwa nyeupe zamani. Kwa hiyo nitaongea juu ya hali tunayoijua sisi.

Ninaposema kazi ya ubunifu, simaanishi tu mtu anayeimba kwenye televisheni. Namaanisha wewe unayesuka nywele kwenye kibanda cha mabati, wewe unayeshona sare za shule, wewe wa krosheti, wa shanga, wa keki za harusi, wa kupiga picha, wa kuchora hina. Wengi wenu asubuhi mko kwenye mashamba ya maua na sanaa yenu inaanza saa mbili usiku, watoto wakishalala. Na kuna jambo ambalo hunichekesha na kuniuma pamoja: kila mwaka kabla ya siku ya akina mama huko Ulaya, kazi mashambani huwa nyingi mno, na mwanamke wa Naivasha anachelewa kurudi kwa wanawe kwa sababu anakata maua ya mama wa mtu mwingine.

Acheni nianze na mwanamke mmoja ambaye wengi mlimsoma au mlimsikia shuleni, Grace Ogot. Alizaliwa mwaka 1930 kule Asembo, Nyanza. Alisomea uuguzi Mengo, Uganda, kisha akaenda London kusomea ukunga. Huko akafanya kazi BBC, akiandika na kutangaza vipindi vya Afrika Mashariki. Aliolewa mwaka 1959 na Bethwell Ogot, mwanahistoria, wakapata watoto 4. Mwaka 1966 riwaya yake, The Promised Land, ikachapishwa na East African Publishing House, na akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika kuchapisha riwaya kwa Kiingereza.

Hayo mnayajua. Jambo ambalo walimu hawakutuambia ni kwamba mama huyu alikuwa pia na biashara ya nguo. Aliendesha maduka mawili ya mitindo jijini Nairobi, yakiitwa Lindy's. Mwandishi, mkunga, mama wa watoto 4, na muuza nguo. Baadaye, mwaka 1983, aliteuliwa kuwa mbunge, akachaguliwa Gem miaka miwili baadaye, akawa waziri msaidizi wa utamaduni. Mwaka huohuo wa 1983 kitabu chake cha Dholuo, Miaha, kilitoka.

Mtu akisikia hivyo husema, "Ala! Alipata wapi muda?" Nimelifikiria swali hilo sana, na naona jibu liko kwenye miaka. Ukiipanga unaona kwamba hakufanya yote wiki moja. Ukunga na redio vilikuja akiwa msichana. Riwaya ya kwanza ilikuja miaka 7 baada ya ndoa. Bunge lilikuja akiwa na miaka 53. Vijana wetu sasa wanataka kila kitu kabla ya kufika 30, na mitandao inawaambia kwamba wenzao wamekipata. Mama mwenye mtoto wa miezi minne ambaye mwaka huu hakumaliza hata blanketi moja la krosheti hajafeli. Ana mtoto wa miezi minne, basi.

Lakini lazima niseme ukweli wa upande wa pili. Grace Ogot alikuwa na elimu ya ng'ambo na mume profesa. Siwezi kuja Kihoto nikawaambia, "Fanyeni kama Grace," halafu nipande gari nirudi Nakuru. Kati ya yeye na wewe kuna pengo, na pengo lenyewe lina jina: nani anamshika mtoto?

Zamani swali hilo lilikuwa na jibu. Bibi zetu waliosuka viondo walivisuka wakitembea, mtoto mgongoni, nyuzi zikining'inia, mdomo ukiendelea na stori. Mama wa Kimaasai anatunga shanga chini ya mti na watoto wanacheza pale pale. Kazi ile ilikubali kukatizwa. Cherehani ya umeme haikubali, dawa ya nywele haikubali, sufuria ya icing haikubali. Na shosho yuko Nyandarua au Kisii au Busia, wewe uko kwenye ploti ya chumba kimoja Kihoto. Kwa hiyo mtoto anapelekwa kwa jirani anayelea watoto 15 kwenye chumba kile kile anachopikia.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana hii ndiyo sababu hasa ya mimi kuja. Katiba ya mwaka 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeorodhesha kazi za serikali za kaunti. Watu wanajua barabara za mashinani, zahanati na masoko. Sehemu ya elimu inataja shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya sayansi kimu, na vituo vya kulelea watoto. Imeandikwa. Kulea mtoto wa mama anayefanya kazi limo kwenye orodha moja na zahanati. Jedwali hilohilo limetupa pia shughuli za utamaduni. Yaani sanaa yako na mtoto wako, vyote vimewekwa mezani kwa kaunti. Nikiwa mfanyakazi wa kaunti nalisema hili bila kuogopa, kwa sababu kazi yangu ni kuwapa wananchi habari, na hii ni habari.

Mtaifanyia nini? Bajeti ya kaunti ina kalenda yake kisheria. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa fedha hupelekwa kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti yenyewe, tarehe 30 Aprili. Kabla ya hatua hizo kuna vikao vya kukusanya maoni ya wananchi. Nimehudhuria vingi na kamera yangu. Nikitazama picha baadaye naona wazee, naona vijana wa bodaboda, naona akina mama wachache wenye watu wazima nyumbani wa kuwashikia watoto. Mama mwenye mtoto mchanga na oda tatu za kushona hayumo pichani. Na asiyekuwa kwenye kikao, hitaji lake haliandikwi. Nendeni na watoto hao hao. Wakilia, walie. Mkifika, msiseme "tunaomba mtusaidie". Semeni: tunataka kituo cha kulelea watoto karibu na soko, kiwe na choo, maji na ua, na mtaje Jedwali la Nne.

Mkiogopa kubeba mtoto mbele ya wakubwa, kumbukeni tarehe 7 Agosti 2019. Siku hiyo Zuleikha Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliingia Bunge la Taifa na mtoto wake wa miezi mitano. Hakuwa na mahali pa kumwacha. Aliamriwa atoke, na wabunge wanawake kadhaa wakatoka naye. Wengine walimtukana. Lakini tangu siku ile nchi yote ilijua kwamba jengo lile kubwa lilikosa chumba ambacho hata mwanamke wa kawaida anakihitaji. Na sisi hapa Nakuru mnakumbuka mwaka 2025, gavana wetu, Susan Kihika, alipokuwa kwenye likizo ya uzazi, jinsi kila mtu alivyokuwa na maoni. Mimi kwa cheo changu siingii kwenye ubishi huo. Nasema tu kwamba kama mwanamke mwenye ofisi anahesabiwa siku zake za uzazi, wewe mwenye kibanda utahesabiwa mara mbili, kwa hivyo afadhali ujue haki zako zilivyoandikwa.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na baba wiki 2. Akina baba wa mlangoni, mmesikia? Wiki mbili si za kwenda kutazama mpira. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri aweke mahali safi, pa faragha, pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na choo hakihesabiki. Inampa mama muda wa kunyonyesha, hadi jumla ya saa 1 katika kazi ya saa 8, juu ya mapumziko ya kawaida.

Kwa aliyejiajiri hakuna likizo ya kulipwa. Hapo ndipo chama kinaingia. Vikundi vingi hapa vinazungusha pesa kwa kupiga kura au kwa kufuata majina. Jaribuni hivi: mwanachama akiwa mjamzito, zamu yake isogezwe iangukie mwezi wa kujifungua. Haiongezi hata shilingi moja kwa chama, inabadilisha tarehe tu. Lakini mama huyo atakaa na mtoto wake wiki kadhaa bila kukopa, na wateja wake mwenzake mmoja awashonee kwa makubaliano. Jambo la pili ni kujiandikisha SHA mapema. Kwa wasio na ajira rasmi mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, nao hulipwa kwa mwaka mzima. Usingoje uchungu uanze ndipo utafute namba.

Tuje kwenye bei, kwa sababu naona sanaa nyingi za akina mama zinakufa kwa bei, na watu wanasema zimekufa kwa sababu ya watoto. Tufanye hesabu ya mfano. Sweta ya mtoto ya krosheti: uzi shilingi 500, saa 10 za mkono wako. Unaiuza shilingi 900 kwa sababu mteja ni jirani na amesema "nifanyie ya urafiki". Umebaki na 400. Gawanya kwa saa 10, ni shilingi 40 kwa saa. Sasa, kama siku hiyo ulimlipa jirani shilingi 100 akushikie mtoto, umebaki na 300, yaani shilingi 30 kwa saa, na mgongo unauma. Mume akisema hiyo kazi haina maana, anatazama hiyo 30. Shida iko kwenye bei; sanaa haina kosa. Andika saa zako kwenye daftari kwa mwezi mmoja, uone. Gharama ya kumlea mtoto wakati unafanya kazi iingie kwenye bei kama uzi unavyoingia. Hakuna fundi anayetoa uzi bure.

Pia kuna soko ambalo mafundi wengi hulikimbia kwa kuogopa makaratasi. Sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sare zinashonwa, mapazia yanashonwa, mikutano inahitaji mapambo na vyakula. Mtu mmoja na cherehani moja hawezi kushona sare 400. Kikundi cha mafundi 8 waliosajiliwa kinaweza, na ndani ya mafundi 8 mmoja akijifungua kazi haisimami. Aidha, Oktoba 2019 serikali iliwaagiza watumishi wa umma wavae mavazi yaliyotengenezwa Kenya kila Ijumaa. Wengine wetu bado tunafuata. Kitenge nilichovaa leo kimeshonwa na fundi wa Naivasha, na nimeshaulizwa bei mara mbili tangu nishuke garini.

Hapo nimefika kwenye mavazi, na najua baadhi yenu ndiyo mliyokuwa mnangojea.

Mwanamke akishazaa, kila mtu anakuwa fundi wa nguo zake. "Mama wa watoto watatu anavaa hivyo?" "Umeshaolewa, nywele za rangi za nini?" Na upande wa pili: "Umejiachilia siku hizi, dera asubuhi, dera jioni." Hakuna vazi ambalo mama analivaa likakosa msemaji. Hata serikali ilipozindua vazi la taifa mwaka 2004, baada ya shughuli na gharama nyingi, Wakenya walilitazama, wakapiga makofi, wakarudi kuvaa walichotaka. Vazi haliamrishwi likashika.

Na jambo hili si la mzaha tu. Mnakumbuka Novemba 2014, wanawake waliposhambuliwa na kuvuliwa nguo hadharani Nairobi, eti mavazi yao hayakupendeza. Tarehe 17 mwezi huo mamia ya wanawake waliandamana jijini kuyapinga hayo, na mwisho wa mwaka Sheria ya Adhabu ikarekebishwa, kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa kosa lake lenyewe. Yeyote anayekuambia kwamba anachokufanyia stendi ya magari ni "kukufunza adabu" anatenda uhalifu. Piga ripoti.

Kwa fundi, mavazi ni zaidi ya kujipenda. Msusi mwenye nywele zilizovurugika anapoteza wateja, hilo mnalijua. Dada anayeshona madera akivaa dera lake jipya sokoni, lenye mfuko wa simu na zipu mbele ya kunyonyeshea, hahitaji bango. Nimeliona dera kama hilo hapa Kihoto na nikajiuliza kwa nini viwanda vikubwa havijalifikiria. Limefikiriwa na mtu ambaye amewahi kunyonyesha kwenye matatu ya Nakuru akiwa amebanwa dirishani. Kwa hivyo nasema uzazi unaweza kukupa ufundi ambao hukuwa nao. Marehemu Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto, mama mwenye familia, na ndiye aliyeandika The River and the Source, kitabu kilichotoka mwaka 1994 na kushinda tuzo ya waandishi wa Jumuiya ya Madola kwa Afrika. Kitabu chenyewe kinafuata ukoo mmoja kupitia wanawake wake, kizazi baada ya kizazi. Sidhani mtu asiyejua nyumba na watoto angekiandika vile.

Mkibuni kitu kama lile dera, mtunze. Sheria ya Hakimiliki inalinda kazi ya sanaa tangu inapotengenezwa, na ulinzi huo unaendelea miaka 50 baada ya msanii kufariki, yaani watoto wako wanarithi. Kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kunakupa ushahidi siku mtu akikuibia. Michoro na mitindo ya bidhaa husajiliwa kwa taasisi nyingine, KIPI. Kwa uchache, kabla hujaweka picha mtandaoni, baki na mchoro wako wa kwanza wenye tarehe. Na tukiwa kwenye picha: mtoto wako akivaa sweta uliyoifuma anapendeza, lakini jina la shule yake na mlango wa nyumba yenu visionekane.

Siwezi kuondoka Kihoto bila kutaja ziwa. Mwaka 2020 maji yaliingia, 2024 yakaingia, 2025 yakaingia tena, na familia zikatoka kwa mashua kwenye njia walizokuwa wakipitia kwa miguu. Ukisikia hasara ikihesabiwa, zinahesabiwa nyumba na vyoo. Cherehani iliyolala majini wiki mbili haihesabiwi, wala gunia la uzi, wala mashine ya nywele ya shilingi elfu kadhaa iliyonunuliwa kwa mkopo wa chama. Mama anahamia Naivasha mjini au kwa dada yake, anaanza upya bila wateja, na mtoto amebadilisha shule. Ninachowaomba wenye kazi za mikono: pigeni picha vifaa vyenu vyote leo jioni, na risiti kama ipo, mzitume kwa mtu anayeishi mbali na ziwa. Orodha za waathiriwa zikiandikwa, mlete na hiyo. Kikundi kiwe na mahali pamoja pa juu, hata kama ni stoo ya kanisa, pa kupeleka mashine maji yakianza kupanda. Mashine zinahamishwa mchana. Usiku ni wa watoto tu.

Nimeambiwa neno kihoto kwa Kikuyu ni haki, au hoja iliyonyooka. Sijui aliyelipa mtaa huu jina hilo alikuwa akidai nini wakati ule. Nyinyi hoja zenu nimeziandika humu kwenye daftari, na kikao cha maoni ya bajeti kikitangazwa nitahakikisha tangazo limebandikwa hapa na kwenye soko, kwa Kiswahili, likiwa na saa ambayo mtu mwenye mtoto anaweza kufika. Likichelewa, nambari ya ofisi iko nyuma ya jarida hili. Pigeni na mniulize.

Sasa maswali. Tuanze na shosho pale mwenye kiondo, halafu mama wa pembeni, mtoto wake ameanza kusinzia.